Kasa, Mamba na Nyara: Maneno ya Sheria za Hifadhi katika Pwani ya Bagamoyo

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya maneno machache yatumiwayo katika sheria zinazowahusu wanyama watambaao: kasa, mamba, chatu, kenge, kinyonga na wenzao. Tumechagua pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani, kwa kuwa huko kasa hupanda ufukoni kutaga mayai na mamba hukaa katika Mto Wami, si mbali na makazi ya watu. Jambo lenyewe si dogo. Tangu mwaka 2021, sheria iliporekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, neno alichaguapo mtafsiri laweza kumtia mtu hatiani au kumwachilia huru.

Biashara ya magamba ya kasa ni kongwe katika pwani yetu. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa yapata karne ya kwanza, chaeleza kwamba watu wa kisiwa cha Menouthias walikuwa wakiwakamata kasa kwa matenga, na kwamba magamba yaliuzwa katika soko la Rhapta pamoja na pembe za ndovu. Wavuvi wa Kiswahili nao walikuwa na ufundi wao: walimfunga samaki aitwaye chazo kwa kamba, wakamwachia baharini hata akamganda kasa, kisha wakawavuta wote wawili. Lugha iliyotokana na kazi hiyo ilikuwa na utambuzi mzuri. Kobe ni wa nchi kavu, kasa ni wa baharini, na ng'amba ni yule kasa ambaye gamba lake ndilo bidhaa yenye thamani. Mtafsiri aandikaye "gamba la kobe" pahali pa gamba la ng'amba amefuta kwa kalamu moja utambuzi wa karne nyingi, na tena amemtaja mnyama asiyehusika.

Sheria za kwanza zilizoandikwa zilikuja na ukoloni. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani hadi mwaka 1891, na mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kusimamia uwindaji katika koloni zima. Mwezi wa Mei 1900 madola ya Ulaya yalitia sahihi huko London mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa Afrika. Ajabu ni kwamba mkataba huo, ambao haukupata kutekelezwa kwa kuwa haukuridhiwa na wote, ulitaka pia mayai ya mamba, ya chatu na ya nyoka wenye sumu yaharibiwe. Kwa hiyo katika hati ya hifadhi mtambaazi aliingia akiwa adui. Zama za Waingereza mwananchi alimwita ofisa wa idara ya uwindaji "Bwana Nyama", jina lililoonyesha wazi kwamba kazi yake ilihusu tembo, nyati na swala. Hakuna aliyedhani kwamba kinyonga alikuwa chini ya Bwana Nyama.

Hali ilibadilika hatua kwa hatua. Sheria ya mwaka 1951 ilifuatwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, nayo ikafuatwa na ile ya mwaka 2009. Mwaka 1979 Tanzania iliridhia mkataba uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 kuhusu biashara ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, ambao unawagusa mamba, chatu, kenge, kinyonga na kasa. Mwaka 2005 Saadani ikawa hifadhi ya taifa, ukiwamo ufuko wa Madete ambako kasa hutaga. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Sheria ilipopanuka hivyo, maneno hayakupanuka sawasawa nayo. Tuchukue mifano minne.

Kwanza, mnyamapori. Kwa Mswahili wa pwani nyoka ni nyoka, na mara nyingi huitwa mdudu, hasa usiku. Pori nalo si bahari. Ni vigumu basi kwa msikilizaji kutambua kwamba neno hilo lamhusu kinyonga wa bustanini kwake.

Pili, nyara. Asili yake ni mateka ya vitani, na bado twasema kuteka nyara. Katika sheria maana yake ni mnyama mwenyewe, awe hai au mfu, na kila sehemu yake: ngozi, jino, nyama, hata yai. Aliyetundika ukutani ngozi ya chatu aliyoirithi kwa babu yake haoni kwamba ameteka kitu.

Tatu, kumiliki. Aliyewekewa ngozi ya mamba na rafiki yake atasema kwa unyofu kwamba haimiliki. Sheria haiulizi mwenye mali tu, bali pia aliyekutwa nayo. Kwa hiyo "kupatikana na" ni usemi ulio sahihi zaidi.

Nne, kuokota. Mwanakijiji huokota mayai ya kasa kama aokotavyo kombe. Neno lenyewe latangaza kwamba kitu hakina mwenyewe. Kanuni za uvuvi zinapomlinda kasa na mayai yake, tafsiri isemayo "kukusanya" peke yake humwachia mtu mwanya wa kusema kwamba yeye hakukusanya, aliokota tu.

Mtafsiri wa vitabu vya Kiingereza ajihadhari pia na neno mamba, ambalo katika lugha hiyo ni jina la nyoka mwenye sumu kali, yule ambaye wengi humwita koboko. Leseni ya mmoja si leseni ya mwingine.

Tunapendekeza mambo matatu. Kila tafsiri ya sheria hizi iambatanishwe na orodha ya majina ya wanyama kama yanavyotamkwa na wavuvi na wakulima wa mahali husika. Nyara ielezwe kwa mifano, yai likiwamo, kila itajwapo mbele ya wananchi. Na vitenzi vya makosa viandikwe pamoja: kukamata, kukusanya, kuokota, kupatikana na. Mvuvi wa Bagamoyo hawezi kutii katazo ambalo halikutamkwa kwa neno alijualo.