Ruzuku

Ruzuku na riziki zina mzizi mmoja wa Kiarabu. Kitenzi kuruzuku kingali cha Mwenyezi Mungu, awapaye waja chakula chao. Nomino imehamia Hazina, ikawa fedha za umma za kupunguzia bei.

Nchini Kenya, ruzuku ya unga hupenda majira ya kura. Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, pakiti ya kilo mbili ilishushwa hadi shilingi 90. Julai 2022, zikiwa zimebaki wiki chache, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akatangaza shilingi 100, kutoka 205.

Septemba, kura zikiwa zimeshahesabiwa, rais mpya, William Ruto, hakuiendeleza, akasema ni ghali. Fedha zikaelekezwa kwenye mbolea: mfuko wa kilo 50, shilingi 3,500. Mkulima akapumua, mnunuzi wa mjini akarudia bei ya soko.