Samaki wa Mwalimu na mchanga wa kwenye tangi



Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka urais. Mwaka huo huo, bila mbwembwe na bila brasi bendi, jina lake likapewa samaki. Ni furu. Watafiti wawili Waholanzi, Els Witte-Maas na Frans Witte, walimwandika kwa jina la kisayansi Haplochromis nyererei. Baadaye akahamishiwa kwenye kundi lililopewa jina la Kiswahili kabisa, akawa Pundamilia nyererei, kwa ajili ya mistari myeusi ubavuni. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Ukimwona huwezi kuamini kuwa ni ndugu wa vile visamaki vinavyokaushwa pale Mwaloni Kirumba.

Sasa jiulize, mdau: ni Watanzania wangapi wamewahi kumwona akiwa hai? Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaye sebuleni, kwenye tangi la kioo, wanabishana usiku kucha ni mchanga gani unamfaa na taa ipi inamtoa rangi vizuri. Sisi tuliokulia Mwanza tunamjua furu kama chambo cha kumnasia sangara.

Turudi nyuma kidogo. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ya ziwa. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1976 kilianzishwa kiwanda hapa Mwanza cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Mwaka uliofuata wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, wakafanya kazi na wenzao wa Nyegezi. Wakaanza kuhesabu na kuchora, na kila walipotupa wavu walipata aina ambayo haikuwa na jina. Inakadiriwa ziwa lilikuwa na aina kama 500, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani.

Lakini sangara alikwisha kuingia. Alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akatulia muda mrefu, halafu katikati ya miaka ya 1980 akafumuka ghafla kwenye Ghuba ya Mwanza. Furu wakaisha mbele ya macho ya watafiti. Inakadiriwa aina kama 200 zilipotea. Wengine walinusurika kwa sababu moja tu: walikuwa wamesafirishwa wakiwa hai kwenda Leiden, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mahifadhi ya samaki ya Marekani nayo yakaanza mpango wa kuwazalisha. Yaani wapo furu wetu ambao kwa miaka kadhaa usalama wao ulitegemea pampu ya hewa, chujio na umeme wa watu wengine.

Hapo ndipo tangi lilipoacha kuwa pambo kwangu.

Nikajaribu mwenyewe. Nilipata furu wadogo sita kwa mvuvi, nikawabeba kwenye ndoo ya bati, nikawamwaga kwenye tangi lenye maji ya bomba yaliyotoka muda huo huo na mchanga niliochota kwa mafundi ujenzi. Asubuhi wote sita wanaelea! Nilikuwa na shahada ukutani na sikujua kwamba klorini inayotukinga sisi na kipindupindu humuunguza samaki mashavu. Bati nalo lina zinki, si chombo cha kumwekea samaki. Na mchanga wa ujenzi huenda una saruji au chokaa ndani yake.

Kipimo cha chokaa ni cha jikoni: chukua mchanga mkavu kijiko kimoja, dondoshea siki. Ukitoa mapovu, una chokaa. Mchanga wa Mwanza, uliotokana na haya mawe yetu ya itale, kwa kawaida hukaa kimya, na unafaa kwa furu ukiuosha mpaka maji yatoke meupe. Anayetaka tangi la bahari lenye matumbawe ndiye anayeutafuta ule wa mapovu, maana unasaidia maji yasigeuke asidi. Naye aikwepe shaba kwenye kila kifaa kinachogusa maji, kwa kuwa kiasi kidogo tu kinaua matumbawe na kamba.

Kuna mchanga mmoja ambao siki haiwezi kuufichua. Wachimbaji wadogo kuanzia Geita mpaka huku kwetu hukamatia dhahabu kwa zebaki, na marudio yake ukiyatazama ni mchanga safi wa kupendeza. Zebaki haiondoki kwa kuosha. Usichote mchanga karibu na karasha wala mto unaopita hapo chini yake, hata kama ni wa bure.

Hita usinunue. Joto la Mwanza linawatosha, fedha hiyo weka kwenye chujio. Lianze kufanya kazi wiki kadhaa kabla, likiwa na samaki mmoja au wawili tu, ili bakteria wanaovunja amonia wapate kukua. Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria hao hufa kwa kukosa hewa, kwa hiyo pampu ndogo ya betri si anasa.

Na taa? Kwenye matangi ya Leiden, Ole Seehausen na mwenzake walifanya jaribio walilolichapisha mwaka 1998. Chini ya mwanga mweupe, majike wa nyererei walichagua madume mekundu, na wa binamu yake, Pundamilia pundamilia, wakachagua ya bluu. Taa ikabadilishwa ikawa ya rangi ya chungwa, ambayo hufanya rangi zote zifanane. Majike hawakuchagua tena. Mwaka mmoja kabla, Seehausen alikuwa ameonyesha jambo hilo hilo likitokea ziwani: udongo na uchafu tunaoumwaga unalisha mwani, maji yanakuwa tope, mwanga unabadilika, na mahali pa namna hiyo samaki wekundu na wa bluu wanachanganyika mpaka huwezi kuwatofautisha. Sangara hakuhitajika hapo.

Kwenye visiwa vyenye maji maangavu zaidi kama Makobe, mwekundu bado yupo.

Tangi langu la pili lina miezi minne sasa. Ndoo ni ya plastiki, maji hukaa wazi na pampu ya hewa ikichemka siku nzima kabla ya kuingia, mchanga nimeupima kwa siki. Furu watano, wote wa kijivu. Mmoja ameanza kuonyesha mistari ubavuni, nami kila nikirudi kazini usiku nawasha taa nyeupe nimwangalie mgongo.