Wekundu wa Wamaasai Umeitangulia Shuka

Mmaasai aliyejifunga lubega la shuka jekundu hupigwa picha kana kwamba mavazi yake hayajabadilika tangu enzi na enzi. Historia ya nguo hiyo inakataa. Katika karne ya 19 Wamaasai walivaa zaidi ngozi za ndama, mbuzi na kondoo. Pamba ililetwa na misafara ya pwani, na sehemu kubwa yake ilikuwa merikani, kitambaa kisichotiwa rangi. Shuka za mirabamiraba zinazouzwa minadani leo, nyingi za nyuzi za akriliki, ni za juzi tu. Kilichotangulia ni rangi yenyewe. Ngeu, udongo unaopata wekundu wake kutokana na madini ya chuma, ilisagwa ikachanganywa na mafuta ya wanyama, naye morani akajipaka kuanzia nywele zake ndefu zilizosokotwa hadi mabegani, mpaka vazi lake nalo likaiva wekundu. Kitambaa cha kiwandani kilikuta rangi imekwisha kuchaguliwa.

Wapo watakaosema kuwa wafanyabiashara ndio waliowazoesha Wamaasai nyekundu. Hoja hiyo inampa muuzaji nguvu ambayo hakuwa nayo. Joseph Thomson, mvumbuzi wa Kiskoti aliyepita Umaasaini mwaka 1883 na 1884, ilimbidi asimame Taveta ili watu wake watunge shanga upya kwa kipimo walichokubali Wamaasai. Mnunuzi anayeweza kuikataa shanga kwa sababu ya urefu wa uzi wake havishwi rangi asiyoitaka. Kosa la upande wa pili ni kuusogeza wekundu huu nyuma kupita kiasi. Huko Olorgesailie, kusini mwa Kenya, wanaakiolojia wamepata vipande vya ngeu vilivyofanyiwa kazi na binadamu takriban miaka 300,000 iliyopita. Lakini Wamaasai wameingia nchi hiyo karne chache tu zilizopita, na kuwepo kwa udongo uleule hakuthibitishi mila ileile. Watalii nao huambiwa kuwa nyekundu humtisha simba. Jicho la simba haliitofautishi vizuri rangi hiyo na nyingine, na la ng'ombe vivyo hivyo. Wanaoisoma ni watu, wanaomtambua morani kwa mbali kwenye nyasi kavu.

Serikali ya Tanzania iliisoma pia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache ngeu na lubega, wavae suruali. Sababu zilizotolewa zilikuwa usafi na maendeleo, na si haki kuzidharau zote. Ila udongo usingehitaji amri kama ungekuwa uchafu tu. Kampeni ilififia, shuka ikabaki. Ngeu imepungua katika maisha ya kila siku, lakini kwenye sherehe ya eunoto, morani anaponyolewa nywele zake na mama yake, kichwa bado hupakwa udongo. Hapo hakuna kitambaa cha dukani kilichokubaliwa kushika nafasi yake.