Suruali ya Jinzi

Mwaka 1987, nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu mkoani Shinyanga, nilimwondoa mwanachuo mmoja mstarini kwa sababu alikuwa amevaa suruali ya jinzi. Nilimwambia kuwa hilo ni vazi la wahuni, halimfai mwalimu. Akajibu kwamba hakuwa na suruali nyingine. Sikumwamini. Wiki iliyofuata aliondoka chuoni, wala hakurudi.

Sisi wa rika langu tulilelewa hivyo. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulipoendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, nilikuwa mwanafunzi, nikashangilia. Masharti ya biashara yalipolegezwa mwaka 1984, mitumba ikajaa minadani, nasi walimu tukaona uhuni umerudi.

Miaka michache baadaye nilikwenda Nyarugusu, Geita, kumtazama mdogo wangu aliyekuwa akichimba dhahabu. Kijana mmoja akapanda kutoka katika duara, vumbi mwili mzima.

“Shikamoo, Mwalimu.”

Alikuwa yule yule, na jinzi yake. Magoti yalikuwa yamepauka, lakini hayajatoboka. Suruali za wenzake, za vitambaa vyepesi, zilikuwa matambara. Niliitika marahaba, nikakosa la kuongeza.

Niliporudi nilitafuta habari za vazi lile. Mwaka 1873 fundi cherehani Jacob Davis wa Nevada, Marekani, pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss, walipata hati ya uvumbuzi wa kukaza mifuko ya suruali kwa ribiti za shaba. Wateja wao walikuwa watu wa sulubu, wachimba madini wakiwamo. Kitambaa chenyewe ni pamba: nyuzi za mtande hutiwa rangi ya nili, za mshindio huachwa nyeupe, kisha hufumwa kwa kubanana sana. Ndiyo maana hupauka mapema na kuchanika kwa shida. Pamba hiyo ndiyo iliyonilipia ada, baba alipoipeleka kwenye mizani ya ushirika. Na nili ndiyo iliyotia rangi kaniki za bibi zetu.

Leo mke wangu ameshona foronya za mito ya viti kwa jinzi kuukuu za wajukuu. Kila ninapoegemea mto, namkumbuka kijana yule. Nilimkosesha darasa kwa kuvaa nguo ya kazi, na somo nililokuwa nikifundisha asubuhi ile lilikuwa Elimu ya Kujitegemea.