Kutoka Kiganja hadi Vihisi 64: Kupima Joto Nachingwea

Kwetu Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, joto tumelipima kwa mkono na kwa macho. Mama anayebangua korosho hana kipimajoto. Anazimwaga kwenye bati lililotobolewa, mafuta ya maganda yanachuruzika na kushika moto, naye anautazama moshi tu. Akichelewa kuziepua, kokwa zimeungua. Ghalani nako mzee anapenyeza mkono kati ya magunia. Akikuta vuguvugu, anajua kuna mtu kaleta korosho ambazo hazijakauka.

Waingereza wa mradi wa karanga walipotua Nachingwea mwaka 1947 na matrekta yao, hawakutuzidi sana katika hilo. Mradi ulikufa 1951, na reli ya kwenda Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa na kung'olewa miaka ya 1960. Enzi hizo fundi wa treni aliyetaka kujua kama ekseli imechemka aliigusa kwa mgongo wa kiganja.

Na hapo elimu ya kuhisi joto kwa mbali ilikwisha kuwa ya zamani. Mwaka 1800 William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, akaona kipimajoto kinapanda zaidi nje ya wekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Mwaka 1821 Thomas Seebeck akaonyesha kile tunachokijua leo kama umeme unaozaliwa pale metali mbili zilizounganishwa zinapopata joto upande mmoja. Waitalia Nobili na Melloni wakapanga viungo vingi vya namna hiyo pamoja, na katika miaka ya 1830 kifaa chao kiliweza kuhisi joto la mtu aliyesimama umbali wa mita kumi hivi.

Nazitaja mita hizo kwa makusudi. Bodi ya majaribio iliyo mezani kwangu ina kihisi cha joto cha Grid-EYE cha Panasonic, nacho watengenezaji wanaahidi kitamhisi mtu hadi mita 7. Kwa hiyo tusitishwe na neno teknolojia. Kilichobadilika ni kwamba vihisi 64, nane kwa nane, vinaenea juu ya ukucha wa kidole gumba na kusoma mara 10 kwa sekunde. Kile kipimajoto tulichoelekezewa kwenye paji la uso mwaka 2020 ni ndugu yake, ila chenyewe kina jicho moja.

Kuifunga bodi hii si kazi: nyaya nne, mbili za umeme wa volti 3.3, mbili za kupeleka data kwenye kompyuta ndogo. Kazi ni kuielewa. Haipimi joto la hewa. Inasoma mionzi inayotoka juu ya kitu. Ielekeze kwenye sufuria ya alumini inayong'aa, itakusomea joto la bati la paa au la uso wako mwenyewe. Ipake sufuria hiyo masizi, sasa itasema kweli. Ukiiweka nyuma ya kioo cha dirisha, inapofuka. Mwisho wake ni digrii 80, kwa hiyo moto wa kubangulia haiuwezi, na inaweza kukosea kwa digrii 2.5 juu au chini.

Ghalani inaona ngozi ya gunia, haioni tumbo lake. Mkono wa mzee bado unaishinda hapo. Faida yake ni kulinganisha: usiku, ghala likiwa limepoa, gunia lenye joto kuliko jirani zake linajitokeza lenyewe. Tangu mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, korosho za wakulima wengi hulala pamoja, na gunia moja lenye unyevu huwaharibia wengine. Basi, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, muuzaji akiwaletea kifaa cha aina hii, mpeni sufuria ya masizi yenye maji ya moto na kipimajoto cha kawaida. Vikipishana sana, arudi nacho.