Asubuhi ya Nani?

Kila mwanzo wa mwaka simu yangu hujaa ushauri ule ule: amka saa 11 alfajiri, kunywa maji, fanya mazoezi, andika malengo yako, na uvivu utakukimbia wenyewe. Wanaoutoa ni vijana wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam, lakini ratiba wanayoigawa ina babu yake, na babu huyo alikuwa mpiga chapa wa mji wa Philadelphia.

Benjamin Franklin alizaliwa Boston mwaka 1706, mtoto wa mtengeneza mishumaa na sabuni. Katika kitabu alichoandika kuhusu maisha yake ameweka jedwali la siku moja. Kwa saa zetu za Kiswahili, aliamka saa 11 alfajiri, akanawa, akasali, akaipanga siku, akasoma na kupata kifungua kinywa. Kazi ilianza saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Kisha alikula na kukagua hesabu zake, akarudi kazini kuanzia saa 8 hadi saa 12 jioni. Saa 4 usiku alilala. Kulipokucha alijiuliza leo atafanya jema gani. Jioni alijiuliza amefanya jema gani.

Alikuwa pia na kijitabu chenye orodha ya maadili 13, bidii ikiwamo. Hakujaribu kujirekebisha kwa yote siku moja. Kila wiki alikaza macho kwenye moja, akitia doa jeusi kila alipoteleza. Wiki 13 zilipokwisha, alianza upya, kwa hiyo mwaka mzima ulimpa nafasi nne. Na lililomsumbua kuliko mengi lilikuwa utaratibu, yaani kila jambo kwa wakati wake. Mwenye biashara, anaeleza, hulazimika kupokea wateja kwa saa zao, si kwa saa zake. Kwa hiyo mtu ambaye jedwali lake linanakiliwa hadi leo hakuweza kulifuata barabara. Aliendelea nalo hata hivyo, na aliona limemfanya kuwa mtu bora kuliko ambavyo angekuwa bila kujaribu.

Kuna jambo moja ambalo jedwali hilo haliligusi. Kwa miaka mingi Franklin alimiliki watumwa, kabla ya kubadili msimamo na, mwaka 1787, kuwa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Jedwali linatuambia saa aliyoamka bwana. Halituambii nani alikuwa ameshaamka kuwasha moto wa jikoni.

Swali hilo, la nani anabeba asubuhi ya mwenzake, ndilo linalonirudisha huku kwetu.

Lugha yetu huanza kuhesabu saa za mchana pale jua linapochomoza. Saa ya kwanza ya mwanga ikishapita, ni saa moja. Karibu na ikweta jua halibadilishi sana wakati wake wa kutoka, kwa hiyo mkulima na mvuvi walikuwa na kipimo cha kutegemewa bila kuwa na saa ukutani. Watu waliojijengea hesabu ya namna hii hawakuwa wageni wa asubuhi. Hata hivyo, utawala wa kikoloni ulipokuja, neno walilobandikwa mara kwa mara lilikuwa hilo hilo: wavivu.

Neno hilo lilikuwa na kazi yake. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, fedha haikuwa lengo pekee. Kodi ilikusudiwa pia kuwasukuma watu kwenye kazi za ujira, na hilo liliitwa kumfundisha Mwafrika kazi. Kuanzia mwaka 1902, katika maeneo ya kusini na pwani, watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Mashamba yao ya chakula yalihitaji mikono ile ile katika msimu ule ule. Mwezi Julai 1905, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa mipamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Anayewaita watu hao wavivu itabidi aeleze walitoa wapi nguvu ya kupigana na dola.

Kenya nako Waingereza walitunga sheria ya kipande mwaka 1915 na kuanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kutembea na cheti chenye alama za vidole na kumbukumbu ya waajiri wake, na wengi walikitia ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Akiacha kazi bila ruhusa, kipande kilisaidia kumsaka. Kwa njia hiyo mtu aliweza kufikishwa shambani kabla ya jua kuchomoza, lakini sababu ya kuipenda kazi hakupewa.

Ningependa kuishia hapo, niseme kwamba uvivu ni tusi la wakoloni tu. Azimio la Arusha haliniruhusu. Tamko hilo la TANU la mwaka 1967, lililoandikwa na watu waliowajua wakoloni vizuri, linasema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, ilhali wanaume wengi wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Uvivu upo, basi. Lakini tazama ulikokaa: palepale ambapo mtu mwingine amekwisha kuamka, amechota maji, ametafuta kuni na kushika jembe. Mara nyingi asubuhi tulivu ya mmoja imenunuliwa kwa alfajiri ya mwingine.

Kwa hiyo ninapoletewa ratiba ya saa 11, siidharau. Ninaipitisha kwenye historia hii. Kutoka kwa Franklin ninachukua swali kabla ya saa: leo nitafanya jema gani, na kwa ajili ya nani? Ninachukua pia subira yake ya jambo moja kwa wiki, maana mwenye kuanza mambo kumi siku ya Jumatatu kwa kawaida hafiki Alhamisi. Kutoka Nandete najifunza kuwa mwili unaogoma kuamka pengine unakataa kazi isiyo na faida kwake, na hapo dawa si kengele kali zaidi. Ni kuichunguza kazi yenyewe. Na kutoka kwenye Azimio ninachukua kipimo ambacho sijakiona kwenye video yoyote ya kuhamasisha: kabla ya kutafakari, kabla ya mazoezi na kijitabu cha malengo, angalia jikoni nani ameshaamka. Kama ni mama, dada au msichana wa kazi, ndoo ya maji ni zoezi zuri la kuanzia siku.