Mkwaju wa Japani

Msafiri atokaye Mapinga kwenda Bagamoyo haoni ajabu kuukuta mkwaju njiani. Mti huo na jina lake ni mali ya kale ya pwani. Ajabu ni kwamba mwaka 1981, disko likiwa bado linachezwa katika miji mingi ya ulimwengu, jina hilo lilipewa santuri huko Japani. Waliopiga ni kikundi cha Mkwaju Ensemble cha Midori Takada, naye Joe Hisaishi, aliyepata sifa baadaye kwa muziki wa filamu, alishiriki kuitunga. Mapigo mafupi ya marimba hurudiwarudiwa yakibadilika kidogo kidogo, na vinanda vya umeme huandamana nayo. Takada, aliyelelewa katika muziki wa Ulaya, alikuwa amejifunza mapigo ya Afrika kama elimu, wala si kama pambo. Kwa hiyo hastahili kuitwa mwizi. Mwaka huohuo Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, mji alioishi Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze. Haja ya chuo hicho ilikuwa dhahiri: mgeni akisha kuuthamini mkwaju, mwenye mti hana udhuru wa kutoketi kivulini pake.